Neno "Hifadhi" katika Taaluma ya Mazingira: Tahakiki ya Istilahi kwa Mfano wa Nyanda za Kati

Kila taaluma inayostawi nchini haina budi kupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni mizani ya maarifa: taaluma hiyo imegundua nini ambacho hapo awali hakikujulikana? Ya pili ni mizani ya lugha: je, maarifa hayo yanasemeka kwa lugha ya watu ambao maisha yao yanaguswa nayo, na yakisemwa, yanaeleweka kama yalivyokusudiwa? Aghalabu wataalamu wetu hupimwa kwa mizani ya kwanza tu. Katika makala haya tunakusudia kuitumia ile ya pili, na taaluma tunayoiweka katika mizani ni ile ya hifadhi na usimamizi wa mazingira, kama ilivyofanyiwa kazi Dodoma na katika nyanda za kati kwa zaidi ya nusu karne. Neno tutakalolihakiki hasa ni moja, nalo ni "hifadhi".

Tumeuchagua mkoa wa Dodoma kwa sababu ni sehemu chache za nchi yetu ambazo udongo wake umeandikiwa sana kama wa huko. Kati ya 1968 na 1972 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, vilishirikiana kuchunguza mmomonyoko wa udongo na mrundikano wa mchanga katika mabwawa, na matokeo yake yalitolewa 1972 chini ya uhariri wa Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple. Carl Christiansson aliendeleza kazi hiyo katika sehemu kame, akaitolea kitabu 1981. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Baadaye, katika miaka ya 1990, ukafuata utafiti mwingine wa pamoja kuhusu uhusiano wa binadamu na ardhi katika sehemu kame za Tanzania, ulioongozwa na Christiansson na Idris Kikula. Hazina ya maarifa basi ipo. Swali letu ni kama hazina ya maneno imekua sambamba nayo.

Maana nne katika neno moja

Neno "hifadhi" limetufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili imo bado vinywani mwa watu. Mtoto aliyemaliza juzuu huambiwa amehifadhi. Hakuifungia Kurani sandukuni, bali ameiweka moyoni, na kila siku huirudia isije ikampotea. Katika maana hii ya kwanza, kitu kinachohifadhiwa na mtu anayekihifadhi hawatengani. Kondoa ni wilaya yenye Waislamu wengi na vyuo vya Kurani vya siku nyingi, na kwa hiyo maana hii ndiyo ambayo mtoto wa Kirangi huweza kukutana nayo kabla ya nyingine zote.

Maana ya pili ni ile ya "hifadhi ya jamii". Hapa wanaohifadhiwa ni watu wenyewe, wanakingwa na uzee, ugonjwa na ukosefu wa kipato. Maana ya tatu ni ile ya "Hifadhi ya Taifa" na ya "ardhi ya hifadhi" iliyotajwa katika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ambayo inaigawa ardhi yote ya nchi katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Katika maana hii hifadhi ni mahali, mahali penye mipaka, na mwananchi wa kawaida hana ruhusa ya kukaa, kulima wala kuchunga humo. Maana ya nne ni ile ya "hifadhi ya udongo" au "hifadhi ya ardhi". Hiyo ni kazi: kuchimba matuta ya kukinga maji, kupanda majani, kuziba makorongo, kupunguza mifugo.

Msomaji ataona mara moja kwamba maana hizi nne zinatofautiana katika jambo kubwa, yaani nafasi ya mtu. Katika ya kwanza mtu ndiye chombo cha kuhifadhia. Katika ya pili ndiye anayehifadhiwa. Katika ya tatu ndiye anayezuiwa. Katika ya nne ndiye mfanyakazi. Neno moja linaweza kubeba maana nyingi bila madhara pale ambapo muktadha unazitenga. Hiyo ni tabia ya lugha zote. Madhara huanza pale maana mbili zinapokutana juu ya kipande kimoja cha ardhi, na anayesema anakusudia hii ilhali anayesikia anaielewa ile.

Jina la HADO

Jambo hili ndilo lililotokea Kondoa. Litazame jina lenyewe: Hifadhi Ardhi Dodoma. Kisarufi jina hili halina kiunganishi. Halikusema "hifadhi ya ardhi". Kwa hiyo lasomeka kwa njia mbili. Laweza kuwa nomino mbili zilizofuatana kwa ufupi, kama yalivyo majina mengi ya mashirika yetu. Na pia laweza kuwa kitenzi cha amri na yambwa yake: hifadhi ardhi! Vitenzi vyetu vyenye asili ya Kiarabu havibadili irabu ya mwisho, basi nomino na amri huandikwa sawasawa. Hatusemi kwamba waliolibuni jina walikusudia amri. Tunasema tu kwamba sarufi iliwaachia wasikilizaji wachague, na matukio yakawasaidia kuchagua.

Katika miaka ya mwanzo mradi ulifanya hifadhi ya maana ya nne: matuta yalichimbwa, miti ikaoteshwa, makorongo yakazibwa. Kazi ilikuwa ngumu na mifugo iliendelea kuyakanyaga yaliyotengenezwa. Mwaka 1979 Serikali iliamua kuiondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka zaidi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Idadi itajwayo mara nyingi ni mifugo 90,000 hivi: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Siku ile neno "hifadhi" likahama kutoka maana ya nne kwenda ya tatu. Lililokuwa jina la kazi likawa jina la mahali palipofungwa. Jina la mradi halikubadilika hata herufi moja.

Haki itendeke kwa pande zote. Ardhi ilipona. Nyasi zilirudi, vichaka vikaota juu ya vilima vilivyokuwa vyekundu kama kidonda, mchanga wa makorongo ukatulia na watu wakaanza kulima pembezoni mwake. Waliolifanya jambo hili hawakuwa na sababu ya kuona haya kwa matokeo hayo. Lakini wenye mifugo walikosa maziwa, samadi na akiba yao ya siku ya shida, na baadhi ya ng'ombe walipelekwa sehemu za jirani ambako nazo zikaelemewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ng'ombe wa maziwa wa kufugwa zizini na kuletewa majani waliporuhusiwa. Hivyo hifadhi ikarudi tena kuwa kazi ya mtu, safari hii ikiwa na ndoo ya maziwa mwishoni mwake. Maana zimebadilika mara mbili katika muda usiozidi miaka 20. Je, ni ajabu kwamba mwanakijiji akisikia leo kuwa "hifadhi inakuja" huuliza kwanza ng'ombe wake atawapeleka wapi?

Kazi ya mtaalamu mmoja

Ili tusiseme kwa jumla mno, tuitazame kazi ya mtaalamu mmoja, Profesa Idris Kikula tuliyekwisha mtaja. Alifanya kazi katika Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa 2007, yeye ndiye aliyekuwa Makamu Mkuu wake wa kwanza. Na 2018 aliteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Tume ya Madini. Ni kazi ya kitaaluma iliyoanzia katika kuisoma ardhi, ikapita katika kujenga chuo juu ya ardhi hiyohiyo ya nyanda za kati, ikafika katika kusimamia yaliyomo chini yake.

Kitabu chake cha 1997 kuhusu athari za sera kwa mazingira kinachunguza kuhamishwa kwa watu katika vijiji miaka ya 1970. Hoja yake kubwa, kama tunavyoielewa, ni kwamba sera iliyobuniwa kwa nia ya kuleta maendeleo, lakini bila kuyapima mazingira, iliwakusanya watu na mifugo mahali pamoja kuliko uwezo wa ardhi, na ardhi iliyozunguka vijiji ikachakaa. Kwa maneno mengine, mmomonyoko haukuletwa na mkulima na mchungaji pekee. Uliletwa pia na uamuzi. Hili ni jambo zito, na tunalisifu. Linaihamisha lawama kutoka mkono ulioshika jembe hadi kalamu iliyochora ramani.

Lakini hapa ndipo penye udhaifu ambao mhakiki wa lugha hawezi kuufumbia macho. Kitabu hicho, pamoja na mkusanyiko wa makala uliohaririwa na Christiansson na Kikula na kutolewa 1996, ni vya Kiingereza. Mtu aliyehamishwa Dodoma katika operesheni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndiye shahidi mkuu wa kitabu, naye hawezi kukisoma. Hatumlaumu mtaalamu mmoja kwa desturi ya chuo kikuu kizima, ambacho hupandisha vyeo kwa machapisho ya ng'ambo. Lakini hasara yake ni ya kiistilahi na si ya kiungwana tu. Katika Kiingereza wataalamu wana maneno tofauti ya kutunza kwa kutumia, kulinda kwa kuzuia, kutenga kwa baadaye na kuponya kilichoharibika, na katika vitabu vyao wanayatenganisha kwa uangalifu. Yanapovuka kuja katika Kiswahili cha mikutano, yote manne yanavaa kanzu moja: hifadhi. Tofauti ambayo mtaalamu aliipata kwa miaka mingi ya kupima makorongo inapotea katika sentensi moja ya mkalimani.

Nasi wa lugha tusijitakase. Orodha zetu za istilahi kwa muda mrefu zimeandikwa kwa safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha pale safu ya kulia ilipojaa. Safu iliyojaa si lazima iwe safu iliyofikiriwa. Mara ngapi tumelirudia neno moja mbele ya maneno matatu ya kigeni kwa kuwa tu lilikuwa karibu?

Maneno tuliyokuwa nayo

Si kwamba lugha zetu zimekosa maneno. "Mmomonyoko" ni istilahi njema kabisa: imetokana na kitenzi kinachojulikana na kila aliyeona ukuta wa udongo ukimomonyoka masika, na haihitaji maelezo. "Korongo" vilevile. Haya ni ushahidi kwamba istilahi ya kitaaluma yaweza kuchimbwa katika udongo wa nyumbani.

Tuvuke sasa mpaka wa Dodoma, tuelekee kaskazini-magharibi katika nyanda hizihizi hadi Shinyanga, ambako 1986 ulianzishwa mradi ndugu wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Jina lina umbo lilelile, lakini njia ilikuwa tofauti. Wasukuma walikuwa tangu zamani na desturi ya ngitili: kipande cha malisho na miti hufungwa wakati wa mvua, nyasi zikaachwa zikue, kikafunguliwa kiangazi mifugo inapokosa pa kula. Mradi uliijenga kazi yake juu ya desturi hiyo. Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, na 2002 kazi hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya kimataifa.

Bila shaka sababu za tofauti hiyo ni nyingi. Udongo, vilima na mvua si sawa katika mikoa hiyo miwili. Lakini mtu wa lugha atalitazama neno. "Ngitili" linataja mahali, linataja mwenyewe, linataja muda wa kufunga na muda wa kufungua. Hakuna anayesikia "ngitili" akauliza ng'ombe watakwenda wapi, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha mjibu: watarudi hapahapa, kiangazi. Kiswahili nacho kinalo neno lililo karibu sana na hilo, nalo ni "akiba". Tunalo tayari katika "pori la akiba", kama lile la Swagaswaga lililo jirani na Kondoa, ingawa huko matumizi yake kisheria yamesogea mbali na maana ya nyumbani. Akiba ya mtama ghalani huwekwa na mwenyewe ili ailie baadaye.

Nani aamuaye?

Istilahi ya pili inayofuatana na hifadhi ni ile ya jinsi maamuzi juu ya mazingira yanavyofanywa. Wengine husema "utawala wa mazingira". Sheria yetu ya 2004 imesema "usimamizi wa mazingira", na tunaona imechagua vyema zaidi, maana mazingira hayatawaliwi. Wanaotawaliwa ni watu. Hata hivyo "usimamizi" nao una msimamizi aliyesimama na msimamiwa aliyeinama. Taaluma inakusudia jambo pana zaidi: kanuni, mabaraza, desturi na mabishano ambayo kwayo watu wengi wenye haki tofauti hufikia uamuzi juu ya kitu wanachokishiriki. Usukumani mkutano wa kutunga kanuni za namna hiyo huitwa dagashida, na ngitili nyingi zililindwa kwa kanuni zake. Hatudai kwamba neno hilo lichukuliwe kama lilivyo. Tunadai kwamba kitu chenyewe kilikuwapo kabla ya istilahi yake ya kigeni.

Wala si sisi peke yetu wenye tatizo hili. Katika Asia ya Kusini-Mashariki wataalamu wengi wamejenga kazi yao ya maisha juu ya swali hilihili. Nancy Peluso, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu misitu ya misaji ya Java, alionyesha jinsi sheria za misitu zilizoanzia enzi ya Waholanzi zilivyoyageuza matumizi ya kawaida ya wanakijiji kuwa makosa. Mwanakijiji aliyesema anachuma, bwana misitu alimwita mwizi. Na huko Indonesia neno moja lilifikishwa hadi mahakamani. Sheria ya Misitu Na. 41 ya 1999 ilieleza kuwa msitu wa kimila ni msitu wa dola uliomo katika eneo la jamii ya kimila. Mei 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba neno lenye maana ya "dola" liondolewe katika maelezo hayo. Neno moja likafutwa, na msitu wa kimila ukaacha kuhesabiwa kuwa wa dola. Hukumu peke yake haikuwapa watu ardhi. Serikali ilianza kutoa hati mwishoni mwa 2016 tu. Hata hivyo hati isingetoka mpaka neno litoke kwanza.

Mfano huu unatuhusu kuliko tunavyodhani. Tangu marekebisho ya 2021 lugha ya sheria zetu ni Kiswahili. Maana yake ni kwamba neno "hifadhi", ambalo kwa miaka mingi lilikuwa tafsiri ya neno la sheria, sasa linakuwa neno la sheria lenyewe. Hakimu hataweza tena kufungua nakala ya Kiingereza kuona ni ipi kati ya maana nne iliyokusudiwa. Mkanganyiko uliokuwa wa mkutano wa kijiji utakuwa mkanganyiko wa hukumu.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo yajadiliwe. Kwanza, neno "hifadhi" libaki kwa mahali palipolindwa kwa sheria na penye mipaka inayojulikana, kwa kuwa katika maana hiyo limekwisha kita mizizi na haling'oki. Pili, kazi ya kuiangalia ardhi huku ikitumiwa na wenyewe iitwe "utunzaji": utunzaji wa udongo, utunzaji wa vyanzo vya maji. Tatu, sehemu inayofungwa kwa muda na wenyewe ili ifunguliwe tena iitwe "akiba", kama vile "akiba ya malisho", na pale desturi ya mahali ina jina lake, kama ngitili, jina hilo liandikwe pembeni yake katika hati za kijiji. Nne, kuirudishia uhai ardhi iliyoharibika kuitwe "uponyaji wa ardhi", maana ugonjwa unaopona una mgonjwa na una mganga, na watu watajua nani ni nani. Tano, pale amri inapokusudiwa, isemwe wazi kuwa ni "katazo" au "ufungaji", wala isivikwe jina la utunzaji. Mwananchi anaweza kulikubali katazo lenye sababu. Asilolikubali ni katazo lililokuja kwa jina jingine.

Yamkini wako watakaosema kwamba tofauti hizi ni za wana wa lugha tu, na kwamba ardhi haiponi kwa msamiati. Tunakubali kwamba haiponi kwa msamiati. Lakini ardhi ya Kondoa iliponywa na watu, na watu huitwa kazini kwa maneno. Wazee wa Kondoa waliojifunza katika utoto wao kwamba kuhifadhi ni kukiweka kitu moyoni na kukirudia kila siku wasingekuwa wagumu kuelewa utunzaji wa udongo. Walikuwa na maana bora ya neno kuliko ile waliyoletewa. Kazi yetu ni kuwarudishia neno lao likiwa safi, kila maana mahali pake, kabla halijapigwa chapa katika sheria.

Tunawakaribisha wataalamu wa mazingira, mabwana misitu, mahakimu, na hasa wakulima na wafugaji wa nyanda za kati, watuletee maneno wanayoyatumia wao. Istilahi haikamiliki mpaka ijaribiwe na mwenye ardhi.